Mfalme Aliyehamisha Mlango

Ilikuwa tarehe kumi na nne ya Mwezi wa Maziwa, mwaka wa tatu wa utawala wa Mfalme Lorkani. Asubuhi hiyo ilinyesha ile mvua nyembamba isiyo na haraka, inayomlowanisha mtu bila kumpiga, na ukungu ulikuwa umelala malishoni hata ng'ombe walionekana pembe tu. Ng'ambo ya kijito ulikuwa mwaka wa tisa, maana kule ni ufalme mwingine na mfalme wao alianza kutawala kabla ya wetu. Mvua ilikuwa ileile.

Nchi yetu ina wafalme wengi kuliko madaraja. Jina lake silitaji, kwa kuwa kila mfalme anaiita kwa jina la babu yake, nami ni mtu wa amani. Ufalme wetu una ukubwa wa kutosha. Mtu akisimama katikati akaita, wananchi wote watamsikia, na watamsikia pia raia wa falme mbili za jirani ambao hawakuitwa. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Wapo wenzetu ambao mfalme wao akilala chali, miguu yake iko ugenini.

Kwa mujibu wa sheria zetu, taji halimfanyi mtu kuwa mfalme. Taji mtu anaweza kuazima. Mfalme ni yule mwenye mateka. Sharti awe na mtoto wa ukoo mwingine, amtie pingu ya mguu, amlishe vizuri, na siku ukoo ule utakapovunja amani, mtoto ananyongwa. Utaratibu huu unaitwa ujirani mwema.

Mfalme wetu alikuwa na mateka mmoja tu. Aliitwa Tigana, kijana mtu mzima mwenye ndevu zake, mwana wa mfalme marehemu wa ng'ambo ya kijito. Alikuwa amekaa kwetu muda mrefu mpaka watoto walimwamkia shikamoo, na pingu yake ilikuwa imeng'aa kwa kuvaliwa. Baba yake mdogo, ambaye sasa ndiye mfalme kule, aliwahi kuulizwa kama angependa kumkomboa mwana wa kaka yake. Alijibu kwamba anatuamini.

Sasa siku hiyo, jua litakapozama, Tigana alikuwa anyongwe. Sababu ilikuwa ng'ombe.

*

Desturi inamtaka kila mfalme mpya aibe ng'ombe wa jirani ndani ya mwaka wake wa kwanza, ili wananchi wajue kwamba anawapenda. Mfalme Lorkani alitupenda vizuri. Alivuka kijito na vijana wake akarudi na kundi zuri, na mbele yake akitembea Maridadi, ng'ombe mweupe mwenye masikio mekundu, kiongozi wa wenzake. Tuliimba. Baba Kolmani, mkuu wa watawa, alitubariki sisi, na kwa kuwa ni mtu wa haki, akawaombea faraja wenye ng'ombe.

Wiki moja kabla ya siku hiyo mtu mmoja alisahau kufunga lango la zizi. Maridadi akatoka, akavuka kijito, akaenda kwao, na wenzake wakamfuata. Mbwa wetu hawakubweka, maana waliona ni watu wanaofahamiana.

Mwamuzi Mkuu, Fakna, aliitisha baraza. Fakna ni msomi. Alikariri sheria kwa miaka ishirini, na akisema neno moja hulifuata na mengine saba ya kulisindikiza.

"Imethibitika pasipo shaka," alisema, "kwamba ng'ombe huyu alivuka mpaka. Je, alivuka kwa amri ya nani? Kwa amri ya moyo wake. Na moyo wake, waheshimiwa, ni wa ukoo gani? Ni wa ng'ambo! Kwa hiyo ukoo wa ng'ambo, kupitia kwa mwanaukoo wake mwenye pembe, umetuibia ng'ombe. Amani imevunjika."

Tulipiga makofi. Wengine tulipiga makofi kabla ya kuelewa, na waliosubiri waelewe kwanza bado wanasubiri.

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Ruarka, mdogo wake mfalme. Cheo chake ni Mrithi Anayesubiri, na alikuwa akisubiri kwa bidii. Ruarka alishauri kijana anyongwe siku ya ziara ya Mfalme Mkuu, ili mgeni aone kwamba kwetu sheria inafanya kazi. Kamba akaitoa yeye mwenyewe, kama mchango wake kwa taifa.

*

Siku mbili kabla ya tarehe niliyoitaja, mama yake Tigana alivuka kijito. Jina lake Derbila, lakini sisi sote tulimwita Mama Tigana. Alikuja akimwongoza Maridadi kwa kamba, na kundi lote nyuma yake.

"Ng'ombe wenu hawa," alimwambia Fakna. "Hakuna aliyewaiba. Nirudishieni mwanangu."

"Mama," Fakna alijibu kwa upole wa kisheria, "anayerudisha amekiri kuchukua. Umeongeza ushahidi."

Mama Tigana hakubishana. Alimfunga Maridadi kwenye nguzo ya uwanja, akaenda hadi mlango wa mfalme, akakunja shuka lake la sufu, akaketi kwenye tope. Akasema kwa sauti, kama inavyotakiwa, "Lorkani mwana wa Fergali, nina dai kwako. Sitakula mpaka unijibu."

Tukarudi nyuma hatua moja sote. Hata Fakna alirudi.

Maana hiyo ndiyo sheria kongwe kuliko zote tulizo nazo. Mnyonge mwenye dai kwa mkubwa huenda kukaa na njaa mlangoni pake. Mkubwa naye haruhusiwi kula mpaka atoe jibu na ahadi. Akila huku mwenzake ana njaa mlangoni, heshima yake imekwisha: hana tena haki ya kudai chochote wala hasalimiwi, na kama ni mfalme, si mfalme tena kuanzia tonge la kwanza. Mrithi Anayesubiri hasubiri tena.

Mfalme Lorkani alikuwa mtu wa tumbo. Silisemi kwa ubaya. Kila mtu Mungu amempa kipaji. Jioni ya kwanza alichungulia nje akamwona mama amekaa, akarudi ndani akaiangalia supu yake mpaka ikapoa.

*

Asubuhi ya pili Fakna aligundua njia. "Sheria inasema mlangoni," alisema. "Haisemi ukutani. Pakiwa ukuta, dai halipo."

Iliundwa Kamati ya Mlango. Mafundi walileta mawe na udongo wakaziba mlango wa mfalme, wakatoboa mwingine upande wa magharibi. Mpiga mbiu akatangaza kwamba ni uboreshaji wa hewa kwa maslahi ya umma.

Mama Tigana aliwatazama wakimaliza. Akainuka, akakung'uta shuka, akazunguka nyumba, akaketi upande wa magharibi.

Wakaziba wa magharibi, wakatoboa wa kaskazini. Mama akaenda kaskazini. Fundi mmoja, mtu mzito wa mwili, alimnong'oneza, "Mama Tigana, pumzika kidogo basi, mgongo wangu unaniuma."

"Pole, mwanangu," alisema. "Toboeni tu. Mimi nitafuata."

Mchana wakatoboa kusini, na kusini ndiko upepo unakotoka, wakafikiri baridi itamshinda. Baba Kolmani alipita akielekea jikoni, maana alikuwa amealikwa kuonja nyama za karamu. Alimwona mama anatetemeka. Akasimama. Akaangalia moshi wa jikoni, akaangalia mbingu, ambazo hazikumsaidia. Kisha yule mzee akaketi kwenye tope karibu naye, akatoa rozari yake.

"Baba, utakosa nyama," mama alimwambia.

"Nimeshaziombea baraka," alisema Baba Kolmani. "Zitakwenda salama bila mimi."

Siku zile, katika ufalme wetu wote, aliyekula kwa amani alikuwa Maridadi. Alisimama pale uwanjani akicheua, akiangalia milango inavyohama.

Usiku ule Fakna alifikia kilele cha usomi wake. Aliziba milango yote. Nyumba ya mfalme ikawa ya duara, imara, haina pa kuingilia kama yai. Kisha akatoboa paa la nyasi, juu kabisa, akaweka ngazi kwa ndani, akatangaza kwamba mlango rasmi wa mfalme ni huo.

"Mwanamke mwenye njaa ya siku mbili," alisema, "hapandi paa."

*

Ndipo ikafika ile asubuhi ya mvua nyembamba.

Tuliamka tukamkuta Mama Tigana yuko juu ya paa. Nyasi zilikuwa zimelowa na kuteleza, na mteremko wa paa zetu ni mkali. Jinsi alivyopanda hatujui. Magoti yake yalikuwa na damu. Alikuwa ameketi kando ya tundu, shuka kichwani, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na midomo yake ilicheza polepole kama mtu anayesali. Chini, Baba Kolmani alikuwa amekumbatia ukuta kwa mikono miwili, kana kwamba nyumba ikisogea itamwangusha.

Mjini palikuwa na shughuli. Mfalme Mkuu alikuwa njiani. Wapambe wake humwita Mfalme wa Wafalme, lakini mimi namwita Mfalme Mkuu tu, maana lile jina lingine nimeshampa Mwingine katika sala. Anatawala nchi nzima, ila anaitawala pale aliposimama. Akiondoka tunarudi katika hali ya kawaida.

Ruarka alikuwa amesimamia karamu mwenyewe. Aliamuru nguruwe apikwe ndani ya nyumba ya kaka yake, "ili nyama isilowe mvua." Nyama ikateremshwa kwa kamba kupitia tunduni, mbele ya pua ya Mama Tigana, ikapikwa kwa vitunguu na asali, na wapishi wakapandishwa tena juu. Mfalme akabaki ndani peke yake na chungu. Harufu ilitoka tunduni kama sauti ya mtu anayeita.

Kisha Ruarka aliweka mdomo kwenye ufa wa ukuta. "Kaka," alisema, "hakuna mtu humo. Kipande kimoja. Nani atajua?"

Ruarka akageuka akatabasamu, akaenda kumtoa Tigana.

*

Mfalme Mkuu alifika alasiri na wapanda farasi wake, wamelowa wote. Alishuka, akaizunguka nyumba mara moja. Akaizunguka tena.

"Mlango uko wapi?" aliuliza.

"Mtukufu," Fakna alisema akiinama mpaka ndevu zikagusa tope, "suala la mlango liko katika hatua za mwisho."

"Na huyo mama juu ya paa?"

"Huyo, Mtukufu, ni changamoto."

Mfalme Mkuu alimtazama Mama Tigana kwa muda, akaelewa. Hata wakubwa wanaijua sheria ile. Wao ndio wanaiogopa zaidi. "Amekaa na njaa siku ngapi?"

"Hii ya tatu," alisema Baba Kolmani, bila kuuachia ukuta.

"Na mwenyeji wangu? Amekula?"

Sote tukaangalia tundu la paa. Ruarka alikuwa amesimama chini ya mti wa mwaloni uwanjani, kamba imepita juu ya tawi, na upande wa pili wa kamba ilikuwa shingo ya Tigana. Tigana alikuwa na mikono nyuma. Alikuwa akimtazama mama yake paani, hatazami kamba.

"Lorkani!" Mfalme Mkuu aliita. "Toka tukuone!"

Tulisikia ngazi inalia ndani ya nyumba. Polepole. Kisha tunduni, katikati ya nyasi, kikatokeza kichwa cha mfalme wetu, mbele kabisa ya uso wa Mama Tigana, pua kwa pua.

Waliyosemezana kule juu hayakusikika chini. Mimi nilikuja kuyajua baadaye, kwa njia nisiyoweza kuisema, kwa kuwa mfalme wetu bado anatawala.

Ndevu za mfalme zilikuwa zinang'aa mafuta. Kwenye kona ya mdomo palikuwa na kitunguu.

"Umekula," alisema Mama Tigana.

"Kipande kimoja," mfalme alinong'ona. Machozi yalimlengalenga. "Mama Tigana, nakuomba. Kidogo hivi."

"Mama!" Ruarka alipaza sauti kutoka chini, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Wewe uko karibu. Waambie wageni! Kaka yangu amekula au hajala? Sema kweli, Mungu anakusikia!"

Watu wote uwanjani wakainua nyuso, mvua ikawaingia machoni. Neno moja tu lilihitajika. Mama Tigana alikuwa na haki ya kulisema, na lilikuwa kweli, na Lorkani angekwisha pale pale. Lakini aliangalia chini akaona ni nani angekuwa mfalme baada ya neno hilo, na mkono wake ulikuwa umeshika nini. Ruarka alishaizungusha kamba kiganjani.

"Mama, tunasubiri!"

Mama Tigana alishika pindo la shuka lake lililolowa. Akamfuta mfalme ndevu, taratibu, kulia na kushoto, kama unavyomfuta mtoto aliyetoka kula kwa jirani. Akakitoa kile kitunguu akakitupa nyuma yake kwenye nyasi. Kisha akageuka chini.

"Ndevu za mfalme zimelowa," alisema kwa sauti. "Mvua hii haimwachi mtu."

Na hakusema uongo. Zilikuwa zimelowa.

Akamgeukia tena, akanong'ona, "Sasa mwachie mwanangu."

"Nikimwachia sina mateka," mfalme alisema, na kwa hofu alisahau kunong'ona, tukasikia wote. "Bila mateka mimi si mfalme! Mbele ya mgeni huyu! Ruarka atachukua kiti kabla nyama haijapoa, na mwanao atamkamata tena akiwa kijitoni!"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mwili wa Mama Tigana uliyumba, na nyasi chini yake zikateleza kidogo. Mfalme alitoa mkono tunduni akamshika bega. Baba Kolmani aliita jina la Bikira.

"Jamani," alisema Tigana.

Sauti yake ilikuwa imebanwa na kamba, lakini ilikuwa ileile aliyokuwa akitutania nayo jioni.

"Jamani, si mna Maridadi? Mzee Fakna alisema mbele ya baraza kwamba ni mwanaukoo wetu. Mwenye pembe. Mchukueni ndugu yangu huyo. Anakula vizuri kuliko mimi na hasemi ovyo."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Maridadi alisikia jina lake, akainua kichwa.

Mfalme Mkuu hakucheka. "Mwamuzi," alisema, "uliamua hivyo?"

Tulimwona Fakna akiipima njia moja, kisha nyingine. Kama ng'ombe si mwanaukoo, basi ukoo haukuiba, na kijana hana kosa. Kama ng'ombe ni mwanaukoo, basi anafaa pingu. Miaka ishirini ya kukariri sheria ikapita usoni pake ikitafuta mlango, na milango yote alikuwa ameiziba mwenyewe.

"Ni wa damu bora," alisema hatimaye kwa sauti ndogo. "Mamake alikuwa mshindi wa maziwa."

"Mateka wa damu bora," alisema Mfalme Mkuu. "Nimeridhika. Mletee pingu. Lakini sheria inataka dai la mama lijibiwe kwa ahadi, na ahadi inatolewa mlangoni, kwa sauti, mbele ya mashahidi." Akautazama ukuta, kisha paa. "Mlango ni ule pale. Sema, Lorkani. Mimi nina njaa."

Ruarka hakuwa ameiachia kamba. Alikuwa bado anautazama uso wa kaka yake kutoka chini, akitafuta kitu chochote kinachong'aa. Mvua ilizidi. Mfalme alimtazama Mama Tigana, na mama akamtazama yeye, shuka lake lenye mafuta limekunjwa mapajani, pindo likiwa ndani ya ngumi. Mfalme akaiona ile ngumi.

Akapanda ngazi hatua moja zaidi, akatokeza mpaka kifuani, nyasi zimemzunguka kifuani kama mkanda. Na katika miaka yote hatujawahi kumsikia akisema kwa sauti ile.

"Mimi Lorkani mwana wa Fergali, mbele ya Mungu, mbele ya Mfalme Mkuu, na mbele ya Baba Kolmani, naahidi. Na wewe Ruarka, ambaye utaishusha hiyo kamba sasa hivi, ushuhudie. Tigana anakwenda kwao leo na mama yake. Sitatia tena pingu kwenye mguu wa mtoto wa mtu ili mimi nionekane mfalme. Na kesho mafundi watautoboa mlango wangu pale pale ulipokuwa mwanzo, wala sitauhamisha tena maisha yangu yote, na yeyote atakayekuja na njaa yake ataukuta."